Bando limeishia Mikindani
Jana bando la wiki nzima limeishia Mikindani, na sijuti. Nilikuwa natafuta mtandaoni picha za zamani za bandari yetu ya Mtwara, nikaangukia ramani ya wanamaji wa Uingereza: ghuba yote ya Mikindani, jirani na Mtwara, imejaa tarakimu za kina cha maji, tena kwa pima, kile kipimo cha zamani cha mabaharia! Nikamwita babu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, nikawa namsomea. Akauliza, "Na reli ipo?"

Haipo, babu. Ramani ni ya kabla ya mradi wa Waingereza wa kulima karanga wa 1947, ule uliosababisha bandari hii na reli ya kwenda Nachingwea zijengwe, wenyewe ukafa 1951.

Tukahamia picha za setilaiti kutafuta tuta la reli. Babu anaapa ameliona. Mimi nimeona mikorosho tu.