Hiyo ni taarifa, mi nataka unisimulie

Nilirudi Mbeya mwezi wa sita, kipindi kile cha baridi kali, na mabegi mawili na sufuria zangu nimezifunga kwenye shuka. Kwenye basi nilishaandaa kabisa cha kuwaambia watu wa Uyole, kwamba nimekuja likizo. Na nikawaambia hivohivo, jirani wa kushoto, jirani wa kulia, mama wa dukani, mpaka mchungaji alipopita kumsalimia mama nikamwambia likizo mchungaji, nimechoka kidogo nikaona nije nipumzike. Likizo ya wiki tatu ikafika wiki ya saba. Watu wa kwetu wana adabu, hakuna aliyeniuliza.

Mama ndo alikuwa anajua. Nilimwambia usiku uleule niliofika, sentensi moja tu, mama nimepunguzwa kazi na mkopo sijamaliza. Akasema pole mwanangu, akanimiminia chai, basi.

Alafu siku moja jioni tuko jiko la nje, lile la mabati, mama ana ungo wa maharage mapajani anachambua, mi nimesogeza kigoda karibu na mkaa maana baridi ya Uyole mwezi wa saba inaingia mpaka kwenye mifupa, akaniambia bila kuniangalia, "haya, nisimulie." Nikamwambia mama si nilishakwambia, nilipunguzwa kazi. Akaokota kijiwe kwenye maharage akakitupa nje. "Hiyo ni taarifa," akasema. "Mi nataka unisimulie."

Nikaanza. Nikasema meseji ya kazini ilinikuta kwenye daladala natoka Mbezi, akanikatisha hapohapo. Ulikaa upande gani? Ulikuwa umekula? Nikaona mama ananipotezea muda ila nikajibu, nilikaa dirishani, nilikuwa sijala, na hapo ndo nikamkumbuka yule mama niliyekaa naye siti moja, jamani nilikuwa nimemsahau kabisa, alikuwa na kapu la machungwa miguuni, na aliponiona nalia hakuuliza kitu, alimenya chungwa akawa ananipa kipande kimoja kimoja mpaka nikashuka Ubungo. Muda wote huo nilikuwa naibeba siku ile kichwani kama siku ambayo dunia nzima ilinipa kisogo, kumbe kulikuwa na mtu pembeni yangu ananimenyea chungwa.

Nikaendelea. Kila nikiruka mahali anajua. "Hapo umeruka, rudi." Sijui alikuwa anajuaje, labda sauti inabadilika. Nikirudi, nikajisikia nasema kitu ambacho sikuwa nimepanga kukisema, nikasema mama na kazi yenyewe kiukweli nilishaichoka, mwaka wa pili ule nilikuwa naamka asubuhi nakaa kitandani dakika 20 nashindwa kuweka miguu chini. Nikanyamaza. Mama naye kanyamaza, mkono uko ndani ya maharage. Mi mwenyewe ndo nilikuwa naisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Nimewaza sana mama kayajulia wapi haya, na nadhani kayajulia kwenye moto.

Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Mama alikuwa na kizimba mle, anauza mitumba ya watoto, na wiki ileile alikuwa ameshusha mabelo mawili kwa hela ya mchezo, tena yeye ndo aliyepokea wa kwanza, maana yake wenzake wote bado wanamdai. Mimi nilikuwa darasa la pili. Miaka mingi baada ya hapo stori ya moto pale nyumbani ilikuwa fupi tu, viliungua vyote. Ukimuuliza zaidi anahesabu, mabelo mawili, meza, turubai, daftari la madeni, na akifika kwenye daftari ananyanyuka anaenda kufanya kitu kingine. Stori ilikuwa inaishia kwenye majivu na mama naye alikuwa anaishia hapohapo, namkumbuka vizuri mama wa kipindi kile, mtu wa kukaa mlangoni na khanga begani, haendi popote.

Alafu dada yangu akawa anaolewa. Kwenye sendofu mama akapewa maiki aongee na binti yake, tunasubiri yale maneno ya siku zote ya heshimu mumeo, yeye akasimulia moto. Tukaangaliana. Ila safari hii hakuhesabu. Akasema siku ya tatu yake, mwanamke waliyekuwa wamepakana vizimba, ambaye naye kaunguliwa, alifika nyumbani na kiroba cha viazi kutoka kwao Umalila akamwambia tugawane, vyako hivi, vingine wale wanao vingine kapange barabarani uuze. Na akavipanga kweli, mafungu mafungu, juu ya kiroba chenyewe alichokipasua akakitandika chini. Fungu la kwanza lilinunuliwa na mwanafunzi.

Moto ni uleule. Hasara ni ileile na daftari halikurudi. Ila baada ya majivu sasa kulikuwa na viazi na mtu aliyevileta, na mama pale mbele na ile maiki alikuwa na kimo ambacho sikuwahi kukiona. Baadaye nikamuuliza kwanini miaka yote hiyo hakutuambia habari ya viazi. Akasema alikuwa anaona aibu, mtu umekuwa na kizimba alafu unauza viazi chini. Yaani alichokuwa anakificha ndo hichohicho kilichomshika mkono asianguke.

Upande wa baba sisi ni Wahehe wa Kalenga, na marehemu babu alikuwa na mpangilio wake akisimulia habari za Mtwa Mkwawa, chifu wetu Wahehe. Hakuanzia ngome ya Kalenga inavunjwa na mizinga ya Wajerumani mwaka 1894. Alianzia Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani cha kamanda Zelewski kinapita na wapagazi wake na mizigo yake, Wahehe wamejibanza vichakani na mikuki, na akifika pale wanapochomoka alikuwa anajipiga kofi gotini pah! wajukuu wote tunaruka. Kalenga hakuificha. 1898 hakuificha pia, mtwa anajipiga risasi kuliko akamatwe, kichwa kinapelekwa Ujerumani. Ila alikuwa hakubali tukalale hapo. Tunasinzia anatugusa na fimbo, bado, bado, mpaka tufike mwaka 1954 fuvu linarudi Kalenga, na yeye mwenyewe ni kijana yuko kwenye umati siku hiyo, anatueleza nani alisimama wapi na nani alilia. Hapo ndo anasema haya kalaleni. Fuvu liko palepale kwenye makumbusho ya Kalenga mpaka leo. Utotoni nilidhani babu anapenda tu kuongea, sikuizi naelewa alikuwa hataki tulale tukiwa 1898, tuamke asubuhi tukiwa wajukuu wa walioshindwa.

Na basi langu la kurudi nyumbani lilipanda Kitonga, likapita Ilula, likapita Lugalo palepale, mi nimejifunika mtandio usoni nahesabu marejesho ya mkopo.

Nikaanza kusoma haya mambo maana yalinigusa. Nikakutana na mwanasaikolojia mmoja wa Marekani anaitwa James Pennebaker, yeye na mwenzake walitoa utafiti mwaka 1986, walichukua wanafunzi wa chuo wakawaambia wengine waandike vitu vya kawaida tu na wengine waandike jambo lililowaumiza sana maishani, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika kilichotokea pamoja na walivyojisikia, kwanza walitoka pale wamenyong'onyea zaidi, ila miezi iliyofuata walienda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao. Nilivyofika hapo kwenye kunyong'onyea nikasema hawa watu ni wakweli, maana baada ya ule usiku wa maharage niliamka macho yamevimba na siku mbili nilikuwa sitaki kuongea na mtu. Siku ya tatu nikaosha zile sufuria zilizokuwa bado zimefungwa kwenye shuka nikazipanga kabatini kwa mama.

Ila mi naona kuandika peke yako ni nusu yake. Bibi mzaa mama kule Tukuyu alikuwa akisema hadithi hadithi, tusipoitikia hadithi njoo kwa sauti ya kutosha anafunga mdomo, hata kama tumemsubiri tangu jioni, anasema siwezi kuongea na ukuta. Tulikuwa tunaona ni ukali. Kumbe anayeitikia naye ana kazi, na kazi yenyewe sio kukupa ushauri, maana ushauri nilipewa mwingi sana Dar na haukunifanya chochote, wa kufunga na kuomba, wa kufungua biashara ya nafaka, wa kuolewa. Mama hakunishauri hata neno moja. Aliuliza nilikaa upande gani. Ndo maana siku hizi nikiona mtu anaweka machungu yake status usiku wa manane naumia, pale watampa pole na makopakopa lakini hakuna atakayemwambia umeruka, rudi.

Na sio kila mtu wa kumsimulia, hilo nalo niliseme. Wapo wanaochukua kijiwe chako wakakitupie kwa jirani. Chagua.

Jana saa kumi na mbili jioni nilikuwa nafunga geti, jirani yetu wa kulia anapita na ndoo ya maji kichwani. Tukasalimiana, akauliza mama hajambo, nikasema hajambo, na kabla hajasogea nikamwambia, mama mdogo, mi siko likizo. Akasimama. Nikamwambia nilipunguzwa kazi, na nikaona hapana, hiyo ni taarifa, nikaanzia kwenye daladala, dirishani, tumbo tupu. Nilipofika kwenye machungwa akashusha ndoo akaiweka chini. Nilipomaliza hakusema pole. Alikaa kimya anaangalia kule mlima Loleza giza linaingia, alafu akasema, "unajua mi miaka ile niliporudi kutoka Makambako na watoto wawili, niliwaambia watu hapa nimekuja kumuuguza mama."

Nikamuuliza, ulikuja na gari gani?

Mama alitoka ndani akatukuta bado tumesimama, akarudi akaleta vigoda viwili.