Buibui kaa kwenye alizeti

Leo asubuhi shambani, huku Singida, nimemkuta nyuki ametulia juu ya alizeti, mabawa wazi, chavua ya njano imejaa miguuni. Nikamgusa kwa jani, kimya. Kumbe kuna aliyemshika kisogoni kutoka chini: buibui mnene wa njano, vipembe viwili vya macho kichwani, tumbo limechongoka pande mbili kwa nyuma.

Ni wa jenasi ya Thomisus, aliyoipa jina Mfaransa Walckenaer mwaka 1805. Afrika wako wa spishi nyingi. Hawatandi wavu wa kunasia. Miguu minne ya mbele ni mirefu na ina nguvu kuliko ya nyuma. Huitanua ubavuni kama mtu anayempokea mgeni, akangoja. Ukimsogelea anakwenda upandeupande kama kaa wa baharini, ndiyo maana anaitwa buibui kaa. Lazima sumu ifanye kazi haraka, maana nyuki naye ana mwiba. Halafu humnyonya bila kumtafuna, ndiyo sababu wangu alionekana mzima wakati ndani hamna kitu.

Baadhi ya majike hugeuka kutoka weupe kuwa njano kufuata ua, ila huchukua siku kadhaa. Nilidhani rangi hiyo ni ya kujificha tu. Lakini mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba Thomisus spectabilis wa Australia, mweupe machoni petu, huakisi miale ya urujuanimno ambayo nyuki huiona, na nyuki wa asali walipendelea maua yenye buibui kuliko matupu. Yaani tangazo! Kama wa kwetu nao hufanya hivyo, basi maskini nyuki wangu alijipeleka mwenyewe.

Mgongoni mwa jike palikuwa na kidudu cha kahawia nilichotaka kukipangusa. Ni dume. Kwa jike huyo ni kama punje tu, na amepanda hapo akisubiri zamu yake. Jike akishataga hukunja jani kwa nyuzi, akayalinda mayai huku akikonda.

Baba mdogo, mwenye mizinga, anataka niwaue wote. Nimemwambia mzinga mmoja una nyuki maelfu kwa maelfu, buibui mmoja atakula wangapi? Akacheka. "Haya mwanangu, fuga hao wako. Msimu wa asali ukifika, uje na kibuyu ukawakamue."