Anashikaje kitambaa?

Tangu nirudi Moshi kutoka Arusha, nilikopeleka picha niliyochora kwenye mashindano, kuna swali moja la jaji linanifuata jikoni, kwenye daladala, na kazini katikati ya kelele za mashine ya kopi. Nikifumba macho nalisikia. Basi anashikaje kitambaa?

Wiki ilikuwa na makubwa kuliko hilo. Tumepokea mahari ya mdogo wangu, bosi ametangaza kwamba steshenari inahama mwezi ujao, na wageni wa kutoka Rombo wamelala kwetu mpaka sebuleni. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nataka kuliandika hili swali, maana usingizi umenikataa.

Picha yenyewe ni hii. Mbega amekaa barazani nyuma ya cherehani ya mguu, futikamba shingoni, anashona sketi ya sare ya shule. Manyoya yake marefu meupe yameteremka mabegani hadi kwenye kiti. Mwanawe mchanga, mweupe mwili mzima kwa sababu watoto wa mbega huzaliwa hivyo na weusi huja baadaye, amelala juu ya mabaki ya vitenge. Mkia unatokea kwenye mpasuo alionielekeza Fundi, mshonaji wa hapa Mbuyuni: mshono wa nyuma uachwe wazi kiasi cha mkia, kingo zikunjwe ndani, juu yake kiwekwe kifungo kimoja.

Sharti la mashindano lilikuwa fupi: mnyama anayeishi kama binadamu, kazi ya mkono wako mwenyewe, isiyonakiliwa kutoka picha ya mtu mwingine. Mchujo wa kwanza ulifanyika kwa picha za simu, bila majina, kila kazi na namba yake. Tuliopita tukaitwa kupeleka kazi zenyewe. Nikaifunga yangu kwa kanga mbili, nikapanda kosta nayo mapajani, na kuanzia Boma Ng'ombe hadi Tengeru abiria wa pembeni yangu akawa ananiuliza kama ni Tingatinga. Nikamwambia hapana, lakini nilifurahi kuulizwa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli na vipande vya mbao za dari, na leo mtu yeyote akiona mnyama amechorwa anamtaja yeye. Ni heshima kubwa kwa mchoraji, jina lake kutajwa ndani ya kosta na mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye maonyesho.

Basi. Ukumbini.

Majaji walikuwa watatu. Wawili walipita mbele ya picha yangu, wakaangalia, wakaandika, wakaendelea. Wa tatu alikuwa mzee, miwani imeshuka puani, mikono nyuma. Alisimama. Akainama karibu kabisa na kioo cha fremu. Nilikuwa pembeni kama tulivyoagizwa, tusiseme neno mpaka tuulizwe.

"Binti, hapa umesahau kidole gumba."

"Shikamoo Mwalimu. Sijasahau. Mbega hana kidole gumba."

"Hana?"

"Hana, Mwalimu. Kimebaki kinundu tu. Anashika matawi kwa vile vinne."

"Basi anashikaje kitambaa?"

"Kwa hivyo hivyo vinne."

Akatikisa kichwa taratibu, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akahamia kwenye picha ya jirani, ya kiboko mpishi.

Hayo ndiyo yote. Ni mazungumzo mafupi kuliko ya kununua nyanya. Nimeyarudia nikiosha vyombo, nikayarudia nikihesabu viti vya wageni, na juzi mteja alitaka vyeti vyake vitolewe kopi pande zote mbili nikampa upande mmoja kwa sababu nilikuwa bado ukumbini. Nikilisema lile swali polepole, linakuwa la mwalimu anayetaka mwanafunzi afikiri. Nikilisema haraka, linakuwa hukumu. Na lile tabasamu? Kuna usiku nimeamini alitabasamu kwa sababu nilimfundisha kitu. Kuna usiku nimeamini ni lile tabasamu la mtu mzima anapomwacha mtoto ashinde kwa maneno. Na aliandika nini? Karatasi zao hazionyeshwi.

Nataka kusema ninachoamini, kwa sababu pale sikupata nafasi.

Ninaamini kwamba ukimvisha mnyama nguo, mwili lazima ubaki wake. Fisi mabega yake yako juu na kiuno kimeteremka. Ukimkatia koti kwa vipimo vya mwanadamu utakuwa umemchora mjomba wako aliyevaa kinyago cha fisi. Koti la fisi linataka mbele pawe parefu na nyuma pawe pafupi, na kola ikae mbali na shingo. Twiga ana mifupa saba tu ya shingo, idadi ile ile tuliyo nayo sisi, kwa hiyo shingo yake haijipindi ovyo kila mahali, inakunjika kwenye maungo yale machache, na tai yake ikichorwa lazima ijue hilo. Kwangu huo ndio utamu wa kazi hii. Unampa mnyama maisha yetu, na mwili wake unayajibu maisha hayo kwa namna yake. Ukimpa na vidole vyetu, jibu limekwisha kabla hajasema.

Na mbega sikumwokota tu. Nimewatazama wale wa msitu wa Rau, hapa Moshi, asubuhi nyingi kabla ya kufungua duka. Mkono unapofika kwenye tawi haufumbati; vile vidole vinne vinajikunja na kunasa kama ndoana, mwili unapita chini, tayari ameshaondoka. Huko nyuma watu waliwawinda kwa ajili ya ngozi. Ile nyeusi na nyeupe ilikuwa vazi la wazee na wapiganaji, na mwishoni mwa karne ya 19 ngozi hizo zilisafirishwa hadi Ulaya kwa ajili ya mitindo ya wanawake wa kule. Mnyama amevaliwa na binadamu kwa vizazi. Nilitaka sasa yeye ndiye akae kwenye cherehani, yeye ndiye apime na kukata. Niliyaandika hayo kwenye maelezo ya kazi, mistari mitano waliyoturuhusu. Sasa nikimkata mkono wake na kumbandika wa kwetu, nimemwachia nini?

Halafu nawaza upande wa pili. Bibi akisimulia Sungura na Fisi wakienda kulima, nani kati yetu aliwahi kuuliza Sungura anashikaje jembe? Tulijibu "hadithi njoo" na jembe likalima. Kila mtoto alichora mkono wake kichwani. Mchoraji hana ruhusa hiyo, lazima aamue mkono mmoja mbele ya macho ya wote. Usiku mmoja nilikuwa naangalia kwenye simu ile picha ya Misri iliyochorwa kwenye karatasi ya mafunjo, ambayo leo iko British Museum, London. Simba na swala wamekaa vitini, wanacheza mchezo wa ubao. Umri wake unapita miaka 3,000. Swala hana kidole hata kimoja, ana kwato, na anacheza. Na George Lilanga wa kwetu aliwachora mashetani wake wenye masikio makubwa wakifanya kazi zote za binadamu, na ukiwatazama unaamini wanapika. Hao wote wangeulizwa wanashikaje, wangesema nini?

Matokeo yalisomwa jioni na sikushinda. Aliyeshinda ni kijana aliyechora punda kwenye foleni ya maji, na nilipiga makofi kwa moyo wangu wote, maana ile picha ni nzuri sana. Punda amesimama wima, kanga ya rangi ya udongo kiunoni, ndoo mbili zinaning'inia kwenye mti aliouweka mabegani. Kwato zimetulia kando ya mwili, hazijashika chochote, hazina haja. Nilisimama mbele yake mpaka mlinzi akaanza kuzima taa. Kijana yule hakuulizwa swali langu, kwa sababu mti wa mabegani ulishajibu. Hapo ndipo lile swali lilipoanza kuuma kweli. Kwenye picha yangu kiganja cha mbega kimelala bapa juu ya sketi, vidole vinne vimenyooka kuelekea kwenye sindano. Nililiweka jibu pale. Mzee aliangalia mahali pasipo na kidole, hakuangalia mahali palipo na kiganja. Au aliangalia na hakikumtosha. Sijui lipi linauma zaidi.

Jana nilimpelekea Fundi picha, maana nilimwahidi aione kabla ya mtu mwingine yeyote hapa Moshi. Nilimkuta barazani kwake Mbuyuni, sare za shule zimerundikana mpaka magotini.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba mwanangu. Lete nimwone mwenzangu."

Nikafungua kanga. Akafuta mikono kwenye gauni, akaivuta picha karibu na mwanga, akakaa kimya. Kwanza aliangalia miguu. "Kisigino chake kimekaa sawa kwenye pedeli," akasema. Kisha mkia, akagusa kile kifungo kwa ncha ya kidole, akacheka. Kisha mkono. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia yote, ukumbi, mzee, miwani, lile swali.

Hakunijibu. Aliiegemeza picha ukutani, akachukua kipande cha sketi aliyokuwa anashona, akakunja vidole gumba vyake vyote viwili ndani ya viganja, akaanza kupiga pedeli. Kitambaa kikaenda. Mshono mzima wa ubavuni, kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, viganja vimelala bapa, vinasukuma kidogo kulia, kidogo kushoto. Akakata uzi kwa meno, akanitupia.

"Vuta uone."

Nikavuta. Mshono umenyooka, umekaza.

"Nani kakwambia tunashika kitambaa?" akasema. "Cherehani ina meno yake chini, yenyewe ndiyo yanavuta. Mimi nakionyesha njia tu. Ukikishika unapindisha mshono. Wanafunzi wangu wote nawapiga vidole kwa ajili hiyo, wanashika, wanashika." Akaiangalia tena picha, uso wake ukabadilika, ukawa uso wa fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine. "Ila kuna kitu hujafikiri wewe. Uzi. Kutunga uzi kwenye sindano, hapo kidole gumba kinatakiwa. Huyu nani anamtungia uzi?"

Sikuwa na la kusema. Nilihisi mwili mzima umesisimka. Hilo ndilo swali! Tangu Arusha nimebeba swali la mkono, kumbe kulikuwa na swali zuri kuliko hilo limelala nyuma yake.

"Wewe nani anakutungia, Fundi?"

"Mimi? Macho haya? Nasubiri watoto wa shule wapite saa saba. Kuna kale kasichana ka darasa la tatu, kanatunga sindano zote mbili, nakapa mabaki kashonee mdoli."

Nimetoka pale natembea haraka mpaka watu wanageuka. Nimeshaanza kuchora. Ni mchana, baraza lile lile, mbega amesimamisha kazi, cherehani imetulia, na mtoto wa jirani amesimama juu ya kigoda, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anatunga uzi. Nani awe huyo mtoto bado naamua. Lazima awe mnyama mwenye mkono unaoweza. Tumbili ana kidole gumba, kifupi lakini kipo, na tumbili wa mjini tunawajua, hakuna kisichofunguka mikononi mwao. Ila nataka kwanza nikawatazame vizuri, jinsi wanavyomenya karanga, kidole kipi kinakwenda wapi. Kuna nafasi ya picha mbili kuning'inia pamoja, au tatu. Mashindano yakitangazwa tena nitapeleka. Nikikutana na yule mzee nitamsalimia vizuri na nitamwomba aje Mbuyuni siku moja, akae kwenye kigoda cha Fundi, atazame. Nadhani angefurahi. Nadhani ni mtu anayependa kujua, ndiyo maana aliinama.

Halafu kuna miguu ya Mama. Tangu siku ya mahari imevimba, na yeye anasema ni vile viatu vipya. Viatu alivivua usiku ule ule na hajavivaa tena, miguu bado imejaa, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki kwa muda. Vidonge vyake vya presha nilivihesabu leo kwenye kikopo vikawa vingi kuliko inavyotakiwa kuwa. Nimemwambia kesho asubuhi twende hospitali, akasema ana vyombo vya watu vya kurudisha. Nimeshampigia Mama Mkubwa, kwake huwa habishi, amesema atapanda gari la kwanza.