Siku moja maishani mwangu: minada, na nusu iliyonipotezea asubuhi

Saa 12 asubuhi. Uso sijaosha, daftari liko wazi. Jana usiku niliamini nimepata uthibitisho wa kihisabati wa dai langu. Usiku kila uthibitisho hupendeza.

Saa 2. Nasomea uzamivu katika nadharia ya michezo, yaani hesabu ya maamuzi ya watu wanaoshindana, upande wa algoriti (hatua ambazo kompyuta hufuata), na minada ndiyo kazi yangu: kanuni ziweje ili mshiriki asinufaike kwa uongo, na kompyuta izimudu? Kwa bidhaa moja, mwanauchumi William Vickrey alijibu mwaka 1961: mwenye dau kubwa anashinda, ila analipa dau la pili kwa ukubwa. Bidhaa zikiwa nyingi na zinategemeana, hata kumpata mshindi tu ni kibarua.

Saa 3. Naendesha programu ya majaribio. Washindani wawili, kila mmoja na thamani ya kubahatisha kati ya 0 na 1, bei ya chini 0.5, ambayo chini yake muuzaji hauzi. Kwa hesabu za mwanauchumi Roger Myerson za mwaka 1981, muuzaji hapo hawezi kupata wastani unaozidi 5/12, yaani kama 0.417. Skrini yasema 0.5. Ama nimemshinda Myerson, ama nimekosea. Nimekosea, ila wapi?

Saa 5. Bado natafuta.

Saa 6 na robo. Kumbe jana niliongeza mshindani wa tatu, nikafuta bei ya chini, nikasahau kurudisha. Nacheka peke yangu, maana kosa lenyewe ni matokeo ya wanauchumi Bulow na Klemperer ya mwaka 1996: kwa masharti ya kawaida, kumwongeza mshindani mmoja kunamfaa muuzaji kuliko ufundi wote wa kupanga bei ya chini.

Saa 8 mchana. Darasa la mazoezi ninalofundisha. Mwanafunzi anauliza: "Mwalimu, si nalipa dau la pili? Basi nikitaja kubwa zaidi napoteza nini?" Swali zuri. Kitu kwako kina thamani ya 80, mwenzako ametaja 90, wewe ukaropoka 100. Umeshinda, unalipa 90, hasara 10. Kimya, kisha vicheko.

Saa 10. Msimamizi anasoma uthibitisho wangu, kalamu inasimama mstari wa nne. "Hapa umechukulia thamani zao hazihusiani. Wote si wanatazama kitu kilekile?" Kurasa tatu zimekwenda.

Saa 2 usiku. Najaribu kuokoa kinachookoleka. Kwa washindani wawili, dai linasimama hata thamani zikihusiana. Wa tatu nitamjaribu kesho, asubuhi.