Mahindi Je, Mwalimu?

Leo tena nimeamka nayo kichwani: "Ada hatulipi, mwalimu. Mahindi je?"

Ni yule mwanafunzi wangu wa darasa la tano, ambaye haonekani shuleni tangu likizo. Jumanne nilipita dampo nikitokea kwa mama mdogo, gari limetoka kumwaga, watoto wanagombania chupa katikati ya moshi. Akaniona yeye kwanza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona huji shule, mwanangu? Siku hizi hakuna ada."

Ndipo akanijibu hivyo, bila jeuri, huku anakung'uta chupa maji yatoke. Kidole gumba amekifunga kipande cha kanga, kioo kilimkata. Na kweli, ada ilishaondolewa, ila mchango wa mahindi ya chakula cha mchana upo palepale. Mama yake anabeba dagaa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hailali ziwani, basi na yeye hana kibarua. Nani atoe mahindi?

Mume wangu, Baba Neema, karudi na treni kutoka Dar, posa ya wifi imepokelewa, nyumba imejaa wageni, na mimi napakua wali huku nasikia mahindi je, mahindi je. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na kazi ya hatari mpaka mtu afike 18. Huyu ana 11! Na yule mnunuzi wa chupa mwenye mizani pale dampo anawaona kila siku, anawapunja kila siku.

Lakini ngoja niwaambie. Jumanne ile mnunuzi alimpa 1,800. Mtoto akazitazama zile hela, akasema taratibu, "Kaka, kilo saba na nusu kwa 300 ni 2,250." Hakuandika popote! Desimali hizo hizo ndizo zinazolitoa jasho darasa zima. Nilitamani kupiga kigelegele palepale jalalani. Mnunuzi akaguna, akaongeza zilizobaki.

Nimeongea na mwalimu mkuu: mtoto aje kwanza, habari ya mahindi tutaizungumza watu wazima. Mama yake kasema atamleta Jumatatu. Nitamsubiri getini.

Halafu mama yangu huko Kasulu hapokei simu tangu jana mchana. Jirani yake naye hapatikani, na dawa zake za presha zilikuwa zinaishia wiki hii.