Ukuta hauvuji, unatoka jasho

Mjomba alipojenga nyumba yake Mbezi Beach aliweka bwawa la kuogelea ndani kabisa, ukitoka sebuleni unasukuma mlango wa kioo hilo hapo, mita 8 kwa 4, na mimi na mama ndo tunakaa pale maana mwenyewe yuko safari muda mwingi. Nyumba nzuri jamani, sikatai. Ila mwaka jana mwezi wa nne nilifungua kabati la mama nikatoa albamu ya picha za marehemu bibi, nikakuta picha zimegandana na plastiki, nikivuta taratibu uso wa bibi unabaki kwenye plastiki, mkononi nabaki na karatasi nyeupe. Mama hakusema kitu, alikaa tu kitandani na ile albamu mapajani.

Kabla ya hapo tulikuwa tunahangaika na rangi. Fundi wa kwanza alisema bomba linavuja ndani ya ukuta, tukabomoa vigae, bomba zima kabisa. Wa pili akapaka rangi ya kuzuia ukungu, miezi mitatu haijaisha madoa meusi yakarudi palepale, kwenye ule ukuta uliopo kati ya bwawa na chumba cha mama.

Wa tatu ni mzee mmoja fundi AC wa Temeke. Yeye alifika, akaweka mgongo wa mkono ukutani upande wa bwawa, akakaa kimya, afu akaniuliza, "Dada, nyuma ya huu ukuta AC mnaweka ngapi?" Nikamwambia 18, mama anapenda baridi. Akasema basi huu ukuta ni sawasawa na chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, hauvuji, unatoka jasho. Akatoa kipima unyevu mfukoni, joto 30, unyevu asilimia 80, na hewa ya namna hiyo ikigusa kitu chochote chenye nyuzi chini ya 26 hivi lazima iache maji. Yaani tulibomoa vigae vya watu bure.

Nikataka kujua ni maji kiasi gani, nikachora mstari kwenye kigae usawa wa maji, wiki nzima hakuna kuogelea, hakuna kuosha chujio. Yakashuka sentimita moja na nusu. Piga hesabu, mita 8 mara 4, ni lita 480, ndoo 24 za lita ishirini zimepanda hewani ndani ya nyumba, na hazina pa kwenda zaidi ya kwenye dari, kwenye milango ya mbao, kwenye kabati la mama.

Mtandaoni ukiuliza wengi wanakwambia fungua madirisha, na kwa watu wa Ulaya ni kweli kabisa, wakati wa baridi hewa yao ya nje ni kavu, ikiingia ndani ikapata joto inakausha. Sisi hapa usiku wa masika hewa ya nje yenyewe iko asilimia 90, ukifungua dirisha haikukaushii vya kutosha. Kosa jingine letu, wageni wakija tulikuwa tunawasha AC ya kwenye bwawa iwe baridi kabisa, kumbe hewa ikiwa ya baridi kuliko maji ndo maji yanapanda zaidi, hewa inatakiwa izidi joto la maji kwa nyuzi moja au mbili.

Tulianza na kava ya kufunika bwawa, na kama hela yako ni ya kitu kimoja tu nunua kava, mvuke unazuiwa palepale unapozaliwa. Afu mpira wa kuziba mianya ya mlango wa kioo, na feni ndogo inayotoa hewa ya bwawani nje, ili chumba cha bwawa kivute hewa ya sebuleni badala ya kutusukumia yake. Mwisho ndo mashine ya kukausha hewa, dihumidifaya, tumeiseti ishike unyevu kati ya asilimia 50 na 60. Bila kava ile mashine haipumziki na LUKU utaijua. Mama naye AC tumekubaliana 25, alinuna siku mbili.

Kitu kinachonikosesha usingizi lakini ni dari. Ile harufu kali watu wanayodhani ni usafi ni klorini iliyochanganyika na jasho na mikojo, na hewa hiyo inakula vyuma, hata stenlesi. Uswisi, mji wa Uster, mwaka 1985 dari la zege la bwawa la ndani lilianguka likaua watu 12, vyuma vya stenlesi vilivyolishikilia vilikuwa vimeliwa na kloridi mpaka vikapasuka, na kwa macho dari lilionekana liko sawa. Niliposoma hiyo nikampigia yule mzee siku hiyohiyo. Akafungua ubao mmoja wa jipsamu pale kona, waya zilizoshika dari zimejaa kutu, moja aliishika kwa vidole viwili ikakatika kama kijiti cha ufagio.

Watoto wa dada nimewakataza kuogelea mpaka waya zote ziishe kubadilishwa. Upande wa jikoni umekamilika, Ijumaa anamalizia wa dirishani. Asubuhi hii kipimo kinasoma 58.