Vibanda havibomoki vyenyewe

Wiki hii limebandikwa tangazo mtaani kwetu, karibu na Marikiti: "Vibanda vimeondolewa ili kuboresha mandhari." Vimeondolewa na nani? Hamna jina. Jioni barazani mzee mmoja akasimulia kuwa vibanda "vimebomoka". Lo! Kama vile ni upepo wa kusi uliopita. Mama anayetuuzia viazi karai yeye hakusema vimeondolewa wala vimebomoka. Kasema: "Wamenivunjia." Humo mna waliovunja, na mna yeye aliyevunjiwa. Silabi chache tu, lakini zina habari kuliko tangazo zima.

Hata historia nayo nimeanza kuisoma hivi. Fort Jesus, ngome ya Wareno mjini Mombasa, ilizingirwa tangu 1696, na Desemba 1698 Waomani wakaingia. Mwandishi mmoja husema ngome "ilianguka". Huyo kasimama ndani, pamoja na Wareno. Mwingine husema "ilikombolewa", na huyo yuko nje na Waomani. "Ilitekwa" inajifanya haina upande, ingawa nayo yaacha kusema ni ya nani. Na wengi wao huwaruka Waswahili waliopigana ndani ya ngome, upande wa Mreno. Hao wakitajwa, hadithi ya sisi na wao yaharibika.

Sasa mama wa viazi ataka barua ya malalamiko, kaniambia nimwandikie. Nimeanza: "Mliotoa amri ya kuvunja kibanda changu..." Kijana wake asema ni ukali mno, tuandike "kufuatia zoezi lililofanyika". Mama kakataa katakata.